Kitufe cha Jiuzulu

Jumatatu, 3 Machi

Waraka mpya ubaoni. Mkurugenzi amerudi kutoka semina — na kila akirudi semina tunaumia sisi. Mwaka juzi alirudi na mazoezi ya viungo, saa mbili asubuhi, uwanja wa magari, hata sisi wenye sketi. Mwaka jana alirudi na "tabasamu linasikika kwenye simu". Safari hii amerudi na sataranji. Ya mtandaoni! Wafanyakazi wote wa Mamlaka ya Maji tutacheza kwa simu zetu. Ikifika zamu yako una saa ishirini na nne za kusogeza kete moja, ukizipitisha umeshindwa. Lengo, nanukuu, ni "kunoa fikra za kimkakati".

Pampu ya mitaa ya juu imekufa, wiki ya pili sasa. Hiyo hainolewi.

Koki, fundi wetu mkuu wa mabomba, aliuliza kama sataranji ndiyo drafti. Akajibiwa hapana, hii ina farasi. Akataka kujua farasi wa nini, wa kusombea maji? Tuliangua kicheko ukumbi mzima. Mimi pia. Kisha nikakumbuka mimi ni mkuu wa dawati, nikafunga mdomo.

Sijamwambia mtu kwamba najua kucheza. Marehemu baba alinifundisha. Alikuwa ananila malkia kila jioni mpaka nilipofika darasa la saba, siku moja nikamla wa kwake. Alikwenda kunawa uso.

Jumanne, 4 Machi

Dada wa Kompyuta amepita dawati kwa dawati akituwekea programu kwenye simu. Iko kwa Kiswahili, sijui nani alitafsiri. Chini kuna vitufe vitatu. "Omba Suluhu" — unamwomba mwenzako muishie sare, akitaka anakubali. "Dai Suluhu" — hiki kimelala, kinawaka kijani pale tu sheria inapokuruhusu, kwa mfano kete zikikaa vilevile ubaoni kwa mara ya tatu. Kikiwaka ukakibonyeza, mchezo umekwisha sare, huhitaji ridhaa ya mtu. Cha tatu ni chekundu. Walimaanisha kukubali umeshindwa. Wameandika "Jiuzulu".

Jiuzulu! Ofisi ya umma!

Afisa Utumishi alikitazama kile kitufe kama mtu aliyeona nyoka bafuni. Aliuliza ukikibonyeza kuna fomu ya kujaza au inakwenda moja kwa moja. Dada wa Kompyuta akamhakikishia ni mchezo tu. Hakuridhika. Ameondoka ameishika simu kwa ncha za vidole.

Na ile televisheni ya ukumbi wa wateja, inayoonyesha ratiba ya mgao wa maji — sasa itaonyesha mechi. Ratiba haina haja tena, kasema Mkurugenzi, kwani maji yenyewe hayafuati.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki nzima watu wameinamia simu. Wateja wanadhani tunatafuta faili zao.

Matokeo ya Mkurugenzi hadi leo: Raundi ya kwanza alipangiwa mtu wa stoo. Mtu wa stoo alijiuzulu kabla ya kusogeza kete. Raundi ya pili, dereva wake mwenyewe. Dereva alisogeza askari mmoja, akaandika samahani bosi, akajiuzulu. Raundi ya tatu, mkuu wa mita, huyo alijitahidi — alifika hatua ya nne, akapata "udhuru wa kifamilia". Mkurugenzi yuko fainali. Hajala hata askari mmoja. Asubuhi nilimsikia kwenye ngazi akimweleza mgeni kwamba siri ya sataranji ni kumtisha mpinzani kisaikolojia.

Mimi nilicheza kimyakimya, nikawatoa watatu. Wa mwisho alikuwa Afisa Utumishi. Alibaki na mfalme na farasi mmoja, akaniomba suluhu mara kumi na moja. Kila mara kaandika "kwa maslahi mapana ya taasisi".

Fainali basi: Mkurugenzi na Mama Malalamiko. Ndivyo wanavyoniita. Miaka kumi na minne kwenye dawati la malalamiko, nimeshasahau kukasirika.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenye saluni wa mitaa ya juu amekuja tena. Kila Jumatatu. Hawezi kuosha kichwa cha mteja hata kimoja, wateja wanatoka kwake na dawa nywelani wanakimbilia kwa jirani mwenye tangi. Nimeandika lalamiko lake, nimeligonga muhuri, nimeliweka kwenye trei. Kaniuliza hiyo trei inaelekea wapi. Nimemwambia juu. Kaangalia dari.

Fainali imeanza. Mume wangu — alikuwa refa wa mpira miaka ishirini, mpaka leo mtaani wanamwita Refa — alinipa maelekezo wakati wa chai. Nishindwe. Lakini nishindwe vizuri, kidogokidogo, mzee asijue kwamba amebebwa. Nijiuzulu Alhamisi hivi. Na kwenye orodha ya kupandishwa vyeo mwezi wa sita nitajiona.

Nilikubali kabisa! Sikuwa na kiburi chochote.

Tatizo, mtu huyu hawezi kushinda. Nimemwachia askofu wazi. Hakumla. Nimemwachia ngome, imesimama hapo mbele ya malkia wake kama mtu anayesubiri usafiri. Kasogeza askari wa pembeni. Nikamwachia malkia wangu mwenyewe. Kampita! Akaja kumweka wa kwake mbele ya farasi wangu.

Jumanne, 11 Machi

Malkia wake bado yuko pale pale mbele ya farasi wangu. Nilikuwa nimelala na wazo la kumsamehe. Kisha saa tatu asubuhi ujumbe umeingia: "Mama, uko tayari kujiuzulu? Usione haya. Hata wakubwa hujiuzulu."

Nimemla malkia.

Jumatano, 12 Machi

Nimekula ngome zote mbili. Sikutaka. Zilikuwa njiani.

Alhamisi, 13 Machi

Mkurugenzi amebaki na mfalme, na askari mmoja aliyezibwa mbele, hasogei. Mimi nina malkia, ngome mbili, na jeshi lililoshiba. Tangu jana mchana amebadilika. Zamani alikuwa anajibu papo kwa papo, sasa anangoja muda wake ukaribie kwisha ndipo asogeze mfalme nyumba moja. Kati yake ananiomba suluhu. Nimehesabu — mara saba tangu asubuhi. Refa anasema suluhu gani, suluhu ni bila bila, huyu kafungwa kumi!

Nikamwonea huruma, wallahi. Nikaona nimwandikie maneno ya adabu, mtu mzima kwa mtu mzima. Nilifuta mara nne. Mwisho nikatuma hivi:

"Shikamoo Mheshimiwa Mkurugenzi. Kwa hali ilipofikia, kuendelea ni kujichosha wewe na kutuchosha sisi. Kujiuzulu mapema ni uungwana. Watu watakuheshimu zaidi."

Nimeusoma tena. Mzuri. Baba angeupenda.

Ijumaa, 14 Machi

Televisheni. Televisheni ya ukumbi! Nilisahau kabisa kwamba inaonyesha mechi na maneno ya wachezaji pembeni!

Nimefika saa mbili kasoro, ukumbi umejaa, kumbe wapo tangu mlango ulipofunguliwa na hakuna aliye kwenye foleni. Wote wanatazama juu. Ubao wa sataranji ulikuwa mdogo pembeni, hakuna aliyeujali. Ujumbe wangu mimi, kwa herufi zenye urefu wa mkono mzima: KUJIUZULU MAPEMA NI UUNGWANA. Chini yake jina la dawati langu.

Wamenipigia makofi. Mwenye saluni amenikumbatia mbele ya watu, akamwaga machozi begani kwangu, akasema alijua iko siku. Mzee mmoja mwenye dumu kalinyanyua dumu juu kama kombe. Nimewaambia jamani ni mchezo, ni sataranji! Wakacheka zaidi. Mmoja akasema, kwa kunikonyeza, ndiyo Mama, sataranji, tumeelewa.

Picha zilishatoka. Saa nne zilikuwa kwenye kila simu ya mji huu. Saa sita kamili barua mezani kwangu, Afisa Utumishi kaileta mwenyewe, hakukaa. "Ueleze ndani ya saa ishirini na nne kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kumtaka hadharani kiongozi wa taasisi aachie ngazi."

Saa tisa mfalme wake kasogea nyumba moja kushoto. Nilikuwa na hatua mbili tu za kummaliza. Mbili! Nikatazama ubao, nikatazama barua. Nikasogeza ngome pembeni, mahali isipodhuru mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeandika maelezo. "Napenda kufafanua kwamba neno jiuzulu limetumika kwa maana ya kisataranji." Refa ameyasoma kwa sauti, akavua miwani. Anasema hakuna mtu duniani atakayeamini sentensi hiyo. Nimwambie nini? Ndiyo kweli yenyewe!

Wifi yangu amepiga simu. Hatujaongea tangu harusi ya mtoto wake. Anasema kumbe humo ndani yangu mna mtu. Nimemwambia ni mchezo. Anasema endelea na mchezo huohuo.

Mfalme wa Mkurugenzi karudi kulia. Nimerudisha ngome ndani, nyumba moja kando ya ilipokuwa.

Jumapili, 16 Machi

Mfalme kushoto. Ngome pembeni. Nimefua mapazia.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi mfalme kulia. Nikarudisha ngome. Sijakubali suluhu, sijammaliza. Nimekaa hapo.

Koki aliingia ofisini akafunga mlango, hajawahi kuufunga. Kwanza alinipa mkono, kwa heshima, mikono miwili. Nikaanza tena hadithi ya sataranji. Akanikatisha.

"Mama, sikia. Mimi najua ni mchezo. Niliona ubao. Lakini kwa kuwa umeshaanza, ujue na hili. Pampu imepona."

"Imepona lini?"

"Tarehe sita. Tuliifunga sisi wenyewe, tukaijaribu, maji yakapanda mpaka tangi la juu. Tukaambiwa tuzime."

"Mzime kwa nini?"

"Wanangoja mgeni rasmi. Ana nafasi tarehe ishirini na nane. Kuna utepe, kuna jiwe la kuzindulia. Jina lishachongwa." Akakuna kidevu. "Pampu ikiwaka kabla, mgeni atazindua nini?"

Kwenye trei yangu kuna malalamiko mia nne na kumi na mbili ya mitaa ya juu, yote nimeyagonga muhuri mwenyewe, kwa wino mzuri, umenyooka. Kati yake kuna zahanati. Kuna shule ya bweni ya wasichana.

Mchana Afisa Utumishi amerudi, safari hii na tabasamu linalosikika. Barua inaweza kupotea, anasema. Mambo hupotea. Nikubali tu ombi la suluhu la Mheshimiwa, mwisho Jumatano saa sita. Atatangaza mwenyewe kwamba mabingwa ni wawili, ukumbi utapiga makofi, yataisha. Nikamuuliza kama anajua habari ya pampu. Tabasamu likabaki mdomoni, macho yakaondoka. Akasema yeye ni mtu wa utumishi, pampu ni za ufundi.

Jumanne, 18 Machi

Saa nne asubuhi mfalme kushoto tena. Saa nne na dakika arobaini nikasogeza ngome pembeni tena, mkono wenyewe unaenda. Mara kwenye televisheni ya ukumbi kukawaka kitu kijani upande wa Mkurugenzi. Watu wakashangilia, wakidhani ni maji.

Sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani. Refa aliomba simu, akapitia hatua zote nyuma, kidole kimoja hewani kama anataka kutoa kadi.

"Umefanya hivi Ijumaa?"

"Ndiyo."

"Na Jumapili?"

"Ndiyo."

"Na leo. Kete zilezile, mahali palepale. Mara ya tatu, mke wangu." Akanirudishia simu. "Umempa kitufe. Anabonyeza Dai Suluhu, hakuombi, hakushukuru. Na ana haki."

Nikamwambia basi heri, yaishe, si ndivyo walivyotaka wote? Na yeye si ndiye aliyesema nishindwe? Akanitazama. Anasema alisema nishindwe, hakusema nizunguke.

Sikula vizuri. Si kwa ajili ya sataranji tu. Nimegundua nataka kushinda! Nimegundua wakati si zamu yangu. Siku tano ngome pembeni, ngome ndani, nikijiona mwenye busara. Nikaanza kuhesabu mengine niliyoyafanya hivyohivyo pale kwenye dawati, nikaacha. Ni mengi.

Asipobonyeza, muda wake unakwisha kesho saa nne na dakika arobaini. Akisogeza mfalme, nammaliza. Hapo sitarudisha ngome. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya asubuhi.

Jumatano, 19 Machi

Naandika haya dawatini. Saa nne na dakika ishirini na nane. Mkurugenzi yuko mbele yangu.

Sitanii. Amekuja mwenyewe, bila Afisa Utumishi, bila dereva. Miaka kumi na minne hajawahi kukanyaga upande huu wa ukumbi. Mashine ya mlangoni ikamtolea namba, kwa kuwa hajui akaichukua, akakaa kwenye benchi na watu. Sitini na saba. Watu walisogea kumpisha, si kwa heshima hasa. Ilipoitwa sitini na saba akaja akakaa kwenye kiti cha mlalamikaji, kile chenye mguu mfupi. Kikamwinamisha.

Nikamwamkia. Akaitikia kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Akaweka simu mezani.

"Mama, hii kitu ya kijani ni nini? Tangu jana inawaka. Inasema dai. Nani ananidai?"

Nimemuuliza kwa nini hakumuuliza Dada wa Kompyuta. Akatazama vidole vyake. Anasema angeulizaje, yeye aliyeleta mchezo? Kisha, chini zaidi:

"Wale watatu wa mwanzo. Waliniachia?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wote?"

"Wote."

"Nilimwambia mke wangu nina kipaji." Akashika tai. "Amenunua ubao. Wa mbao. Umewekwa sebuleni."

Hapo moyo uliniuma kweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie: bonyeza, Mheshimiwa, hicho cha kijani ndicho wokovu wako, bonyeza uende nyumbani. Kisha mwenye saluni, namba sitini na nane, ameinama karibu na sikio langu kuniuliza huyu naye kwake maji yamekatika?

Nikamuuliza Mkurugenzi, "Pampu imepona?"

Akashtuka, akatazama nyuma, akaanza habari ya itifaki. Mgeni rasmi ni mtu mkubwa. Kadi zilishatoka. Siku tisa si nyingi, watu wamevumilia wiki tatu na zaidi. Akasema tena, Mama, hiki kijani, dakika zinakwisha.

Nimechukua fomu ya malalamiko, nikaijaza haraka kuliko nilivyowahi kujaza. Mlalamikaji: Mkurugenzi. Lalamiko: haelewi kitufe. Ufumbuzi: ataelezwa na dawati mara tu atakapoagiza kwa saini yake pampu iwashwe leo. Nikaigeuza upande wake, nikaweka kalamu juu. Kisha nimevuta daftari hili niandike, ajue nina kazi.

Ameisoma mara mbili. Ameniambia hii si haki. Nimemwambia ndiyo, si haki, sheria ya mchezo iko upande wake kabisa, akijua tu pa kubonyeza. Namba sitini na nane amesogea karibu. Na sabini. Na yule mwenye dumu. Koki amesimama mlangoni na spana mkononi, sijui nani kamwita.

Saa nne na dakika thelathini na sita. Kidole chake kilikwenda kwenye simu, kikasita juu ya kijani, kikasita juu ya chekundu, kikarudi kwenye tai.

Thelathini na nane. Ameshika kalamu. Ncha iko juu ya karatasi, haijagusa. Ananiuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kama hakuna suluhu nyingine.

Nimemwambia ipo, inangoja saini yake. Nimeendelea kuandika.